Kura za maoni zimenigombanisha na mama mkwe. Kwenu nyumba inaamuaje nani apewe?

FundiMagauni

Wakuu, habari za jioni. Mimi humu ni msomaji wa kimya, leo limenifika shingoni, naomba mawazo yenu. Kata na wilaya sitaji. Ni mkoa wa Tanga, anayetujua atatujua tu.

Nyumba yetu ina wajumbe watatu wa CCM, yaani wenye kura ya kuchagua nani asimame kwa tiketi ya chama. Mama mkwe ni balozi wa shina, kiongozi wa chama wa ngazi ya chini kabisa, tangu sijaolewa. Mume wangu yuko kamati ya tawi. Mimi ni katibu wa UWT, umoja wa wanawake wa chama, wa tawi, cheo nilichopewa kwa sababu nina mwandiko unaosomeka na daftari halinikosi mkononi, maana nashona. Zamani haya mambo yalikuwa yanatupita. Kwa kura hizi za 2025 wapiga kura waliongezwa wakashuka mpaka huku chini kwetu, ghafla nyumba yenye kibaraza kimoja na choo cha nje ikawa na kura tatu. Tukaanza kutembelewa na watu ambao zamani wakitupita barabarani walikuwa hawashushi hata kioo.

Kwenye ubunge hatukugombana. Kila mtu alimpa anayemtaka, hakuna aliyemuuliza mwenzake. Ubunge uko mbali. Balaa ni udiwani.

Mtia nia wa kwanza ni mtoto wa dada yake mama mkwe. Tunamwita kijana japo arobaini kaivuka, ana duka la vifaa vya ujenzi. Wa pili ni mama mmoja aliyewahi kuwa diwani wa viti maalumu. Huyu hatuna undugu naye. Ninachojua ni kwamba mwaka juzi mwanangu alizidiwa usiku, baba yake yuko safarini, nikatoka naye mgongoni mpaka barabarani kutafuta bodaboda. Gari la yule mama likapita, kisha nikaliona linarudi kinyumenyume. Alitupeleka hospitali akakaa na mimi kwenye benchi mpaka alfajiri, viatu kavua, miguu kaikunja kama yuko kwake. Wakati huo hakuna uchaguzi wowote. Sijawahi kumrudishia hata soda.

Sasa, wiki moja kabla ya kura, ndugu yetu akaja baada ya magharibi. Hakuja na gari, alikuja kwa miguu anamulika na simu. Mama mkwe yuko mkekani na ungo, anachagua mchele (ndiyo, anachagua, msinicheke). Kijana akavuta kigoda, akaongea habari za arobaini ya mjomba, akaongea bei ya saruji, neno kura halikutoka kinywani mwake hata mara moja. Alipoinuka akaacha noti tatu za elfu kumi ndani ya ungo, juu ya mchele. "Ya sukari, mama mdogo." Mama mkwe hakuzigusa. Aliendelea kutoa chuya pembeni ya zile noti mpaka mwanga wa simu ulipofika barabarani, ndipo akazikunja akazifunga kwenye pindo la kanga. Halafu, macho bado kwenye ungo: "Nyumba hii ina kura tatu. Sitaki kusikia zimemwagika."

Mume wangu akasema, "Sawa mama." Mimi nikasema, "Nimesikia mama." Wakuu niangalieni hapo. Nimesikia. Sikusema nimekubali.

Jumatatu ya tarehe 4 Agosti nikaenda nikampa yule mama. Matokeo: yule mama 212, ndugu yetu 197, wa tatu 38. Kura 15. Yangu moja isingefanya kitu.

Jioni mama mkubwa, yaani mzazi wa kijana, akaja kulia kwetu. Akawa anahesabu kwa vidole: kwa fulani nne, kwa fulani mbili, hapa tatu... Mimi namimina chai, mkono unatetemeka, nikaimwaga kwenye sahani.

Ningenyamaza yangeisha. Ila kesho yake mshindi akaja kushukuru. Vigelegele, wanawake kama ishirini, kigoma. Mlangoni akanikumbatia, "Katibu wangu, nilijua hutaniangusha," akanitia mkononi doti ya kanga. Mama mkwe kasimama nyuma yangu. Walipoondoka akaichukua ile kanga, akaikunjua, akasoma maandishi kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili: WE-MA HAU-O-ZI. Akaikunja akanirudishia. Tangu siku hiyo ananiita Mheshimiwa. "Mheshimiwa, maji yamechemka?"

Mume aliniuliza usiku, nikamwambia kweli. Hakufoka. Alisema yeye haumii na kura, anaumia kwamba aliposema "sawa mama" alitoa neno lake akijua na langu limo ndani. Hilo limenikaa, maana na ile sukari tumeinywa wote. Mimi nilitia vijiko viwili.

Swali langu: kwenu mnaamuaje? Kuna mkubwa anasema wengine wanaitika, mnajadili, au kila mtu na lake? Na mimi nimekosa wapi hasa?

MjumbeMstaafu

Pole sana dada. Nimecheka hapo kwenye "nimesikia", nikakumbuka wajumbe wenzangu. Hiyo ndiyo lugha yetu yote. Mjumbe hasemi hapana. Anasema "tuko pamoja", "usijali", "wewe tena".

2020 nilikuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa jimbo. Mwaka ule waliochukua fomu za ubunge CCM nchi nzima walipita 10,000, mmoja wao baba yangu mdogo. Tulipiga tarehe 20 Julai. Baba mdogo alikuwa na daftari lenye majina zaidi ya 60, kila jina na alama ya vema. Kura zikahesabiwa palepale mbele ya watia nia, karatasi inainuliwa juu, jina linasomwa. Akapata tatu. Unamwona mtu amekaa kiti cha mbele na suti mpya, kila karatasi inayoinuliwa shingo inamrefuka. Ule msemo wa "wajumbe si watu" ulivuma nchi nzima mwaka ule, kwetu haukuwa utani.

Ukoo ulikaa kikao. Mpaka leo nimeshakutana na ndugu kumi na mmoja wanaoapa kwamba wao ni katika wale watatu. Na mimi ni mmoja wa hao kumi na mmoja, yaishie hapo.

Ila kwenye ile elfu thelathini tusifichane. Zamani ilikuwa na jina zuri, takrima, na sheria iliiruhusu kama ukarimu wa kiafrika, mpaka Mahakama Kuu ilipovifuta vile vifungu mwaka 2006. Ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, nayo inagusa mpaka mchakato wa uteuzi ndani ya vyama. Kwa hiyo kilichoangukia kwenye ungo si sukari. Neno alilotoa mumeo lilifungwa na hela ya namna hiyo. Mimi nisingekosa usingizi.

MwanaWaMwalimu

Hujambo dada FundiMagauni. Nakusalimu kutoka Kakamega, Kenya. Wewe una bahati, ulipata karatasi na kisanduku. Mamangu hakupata.

1988 mchujo wa KANU, chama pekee wakati huo, ulikuwa wa mlolongo. Wenye kadi ya chama mnatoka mnaenda uwanjani, wakala wa kila mgombea anasimama na picha ya mtu wake, unapanga mstari nyuma ya unayemtaka, mchana kweupe, chifu anakuona, mwajiri anakuona, bwana anakuona. Aliyepita asilimia 70 alihesabiwa amechaguliwa bila kupingwa, hakuna haja ya kura ya siri. Kwa hiyo mstari ndio ulikuwa uchaguzi.

Mzee wangu alikuwa mwalimu. Waalimu walijua mstari wao ni upi, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Usiku alimwambia mama, "Kesho tunasimama kwa fulani." Mama akanyamaza. Kulipokucha akanifunga mgongoni, nilikuwa sijatimiza mwaka, akaenda akasimama kwenye mstari mwingine, wa mtu wa ukoo wa kwao. Baba alimwita mara tatu kutoka upande ule. Mama anasema hakusikia. (Mama husikia kuku akiingia jikoni kwa jirani.) Wakala mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, bibi yako amepotea njia!" Uwanja mzima ukacheka, mpaka wale wa mstari wa mama.

Baba alikula kwa ndugu yake siku tisa. Siku ya kumi alirudi kwa sababu shemeji alikuwa anapika mboga bila chumvi. Hawakuwahi kulizungumza. KANU wenyewe waliachana na mlolongo Desemba 1990, na tangu hapo hakuna mtu kwetu anayemuuliza mwenzake amepigia nani. Ni kama swali la mshahara.

Nikiwatazama hao wazee wawili nadhani baba hakuumizwa na kura. Aliumizwa na ule mstari, watu kuona. Kwako aliyekuweka mstarini ni huyo mshindi wako na vigelegele vyake.

Kiroboto

Dada umelamba sukari ya watu halafu unaomba ushauri. Tuletee hiyo kanga tuione.

FundiMagauni

Kiroboto nimekubali, nimelamba.

MwanaWaMwalimu, asante sana. Mpe mama shikamoo yangu. Hapo kwenye mstari umenigusa. Yule mama sidhani alinikusudia mabaya, ila kwa nini aje mpaka mlangoni?

Nyarugusu_Iowa

Salamu kwenu wote. Mimi ni Mkongo, nimekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi, sasa niko Iowa, Marekani. Nimemsoma huyu ndugu wa Kakamega nikasema, huo mlolongo mimi nimeusimama! Siyo Afrika, hapahapa.

Wanachama wa chama cha Democratic hapa walikuwa hawapigi kura ya mchujo wa urais kwa karatasi ya siri. Mnakutana jioni, mtaa wenu, sisi ilikuwa ukumbi wa michezo wa shule. Tarehe 3 Februari 2020, baridi ya kukata masikio, nilikuwa raia tayari, ni mara yangu ya kwanza. Kila mgombea ana kona yake. Unaenda kusimama kwenye kona. Mimi nilisimama kwa Andrew Yang kwa sababu aliahidi dola 1,000 kila mwezi kwa kila mtu mzima, nikapiga hesabu ya nyumba yangu. Mke wangu akaenda kwa Elizabeth Warren. Binti yetu alikuwa na miaka 17, lakini wanaruhusu ukiwa utatimiza 18 kabla ya uchaguzi wenyewe, akaenda kwa Bernie Sanders na wenzake wa shule. Tulikuja na gari moja, tumesimama pembe tatu, tunatazamana.

Sasa kuna sheria: kona isiyofika asilimia 15 ya watu waliomo haihesabiwi, mnavunjika mnatafuta kona nyingine. Yang hatukufika. Hapo ndipo utajua nyumba yako inaamuaje. Watu wanakuja wanakubembeleza, huyu ana biskuti, huyu ana karatasi. Mimi natazama mke wangu. Hakusema kitu. Alininyooshea mkono hivi, kiganja chini, vidole vinaita, jinsi unavyomwita mtoto aliyechafuka. Nikaenda. Wazungu wakapiga makofi wakidhani nimeshawishika na sera.

Binti alikataa kuongea nami ndani ya gari, anasema nimesaliti. Usiku ule hata matokeo hayakutoka, programu yao ya kutuma matokeo ilileta shida, ikawa siku kadhaa tunangoja. Basi 2024 wakahamia kadi za posta. Tulijazia kwenye meza ya jikoni, kila mtu amefunika yake na mkono kama mtihani. Mke wangu aliniuliza, "Umeandika nani?" Nikamwambia, "Umeona?" Akasema hapana. Nikasema basi.

BiMkubwa

Mwanangu FundiMagauni, mimi nina miaka 61, nimekuwa mkwe, sasa nina wakwe watatu. Hawa wanaume wamekupa historia nzuri lakini hawajui jikoni kwako kukoje.

Kwanza, huyo mshindi hakujua kura yako. Atajuaje? "Nilijua hutaniangusha" kaisema kila mlango aliopiga hodi siku ile, na doti katoa kila mlango wenye katibu. Mimi nimeshapewa hizo na watu niliowanyima. Kwa hiyo ungeweza kukana na ungeaminiwa. Hukukana, umemwambia mumeo kweli. Hilo mama mkwe wako analijua, mwanawe atakuwa kamwambia, na usidhani halimwingii.

Pili, usimwendee na habari za hospitali na gari lililorudi kinyumenyume. Wema huo ni wako na yule mama. Ukiuleta kwa mkweo utakuwa unamwambia kwamba mgeni amekutendea kuliko ndugu zake, na usiku ule yeye alikuwa wapi? Utafungua jingine.

Tatu, hasira yake si kwako peke yako. Yule ni balozi. Dada yake kahesabu vidole mbele ya watu, "hapa tatu", na ikaonekana balozi hana hata nyumba yake. Miaka yote anahesabiwa kwa watu anaoweza kuwaleta. Hicho ndicho kinamkera.

Chukua elfu kumi ya cherehani yako, umpelekee peke yake, si mbele ya mumeo. Mwambie, mama, hili ni fungu langu la ile sukari, sikulistahili. Usiongeze neno. Ukiongeza neno umeharibu.

MjumbeMstaafu

Shikamoo BiMkubwa. Nimenyoosha mikono.

FundiMagauni

Wakuu, nimerudi. BiMkubwa, shikamoo na ahsante.

Juzi nilimaliza sare za shule za mteja mmoja, akanilipa, nikatoa elfu kumi. Nikamkuta mama mkwe uani anaanua nguo. Nikapiga goti, nikampa kwa mikono miwili, nikasema kama ulivyonifundisha, nikafunga mdomo. Ilikuwa kazi ngumu, ulimi ulikuwa unawasha.

Akaiangalia ile noti. Akasema, "Sukari yenyewe nilinunua kilo mbili tu. Nyingine nimeitia kwenye kikoba." Nikabaki kimya. Akaifunga kwenye pindo. Akaendelea na nguo zake, akifika kwenye shati la mwanawe akanirushia nikalikunja. Tukaanua kamba nzima hivyo, hakuna anayesema.

Mwisho akaniuliza, "Ile kanga umeipinda?" Nikamwambia bado, iko kabatini vilevile. "Ikate unipe kimoja. Doti nzima utavaa wewe peke yako una makalio mangapi?" Nikaenda kuikata, nikaipinda palepale, mashine ilikuwa na uzi mwekundu nikabadilisha nikatia mweusi ufanane na pindo. Nikamletea. Akaijaribu begani, akaitoa, akaiangalia mishono upande wa nyuma.

Mume bado kidogo. Anaongea, ila akitaka chai anamwambia mtoto amwambie mama. Mama mkubwa hajakanyaga kwetu tangu siku ile ya kuhesabu vidole.

Na kuniita Mheshimiwa hajaacha. Jana usiku wakati nafunga mlango aliniambia kutoka chumbani kwake, "Mheshimiwa, usifurahi mapema, majina hayajarudi kutoka vikao vya juu vya chama. Huyo wako akikatwa, hiyo elfu kumi sikurudishii."